Tunajua Kuimba, Kunyamaza Ndiyo Shughuli

Ukiwa na jirani anayeimba Kwaya Kuu, mwonee huruma, wala usimwonee wivu. Jumapili unamwona kasimama mbele na joho lake rangi ya damu ya mzee, macho juu, mdomo wazi, unadhani anafaidi. Humwoni Jumanne usiku pale Mwenge akigombea daladala ya mwisho na karatasi za nota kwapani, koo limemkauka, tumbo linanguruma, na kesho asubuhi bosi anamsubiri. Humwoni akimweleza mkewe kwamba hata leo wamerudia ukurasa uleule. Na mateso yote hayo ni kwa ajili ya wimbo wa dakika nne.

Wimbo wenyewe mnaujua. Ni Haleluya ya Handel. Sijawahi kukutana na kwaya inayojiheshimu ambayo haijaujaribu, na msharika gani asiyeujua mwanzo wake? Hata watoto wa Shule ya Jumapili wanauimba wakicheza rede. Mwisho wake ndio wenye maneno, na ndiko yaliko malalamiko yangu. Tutafika, msiwe na haraka.

Kwanza nieleze nilivyoingia. Mimi nilitaka kuimba tu, basi. Napenda hizi nyimbo za zamani za sauti nne, zile ambazo kila kundi lina njia yake na mwisho wa safari wote wanakutana salama. Nikaenda kumwona mwalimu wa kwaya jioni moja, nimechomekea, nimekunywa tangawizi ya kutosha. Akanitazama kuanzia viatu, akapanda taratibu, akatua kwenye tumbo.

"Besi," akasema.

"Mwalimu, hutanisikiliza kwanza?"

"Nimeshakusikiliza ulipobisha hodi."

Ndivyo nilivyopangiwa makazi. Nyuma kabisa, upande wa kulia, chini ya feni isiyozunguka. Huko nikapokelewa na Mzee wa Besi, ambaye alikuwapo tangu kanisa likiwa la mabanzi, na ambaye hajawahi kushika karatasi ya nota kwa sababu miwani yake aliisahau kwenye ziara ya Dodoma enzi hizo. Akanishika mkono kwa upendo mkubwa. "Karibu kijana. Hapa hatuhangaiki na makaratasi. Wewe nisikilize mimi."

Nikamsikiliza. Baadaye ndipo nikagundua utaratibu ulivyo: besi wote wanamsikiliza Mzee, Mzee anamsikiliza mpiga kinanda, mpiga kinanda anamtazama mwalimu, na mwalimu anatazama mlangoni kama watu wa sauti ya tatu wamefika.

Hao wa sauti ya tatu ni watu wa pekee duniani. Mwanaume wa kuimba juu bila kukoroma ni adimu, na mwenyewe anajua kwamba ni adimu. Besi akichelewa anatozwa faini na kusomwa jina kwenye matangazo. Wa sauti ya tatu akichelewa, anapigiwa simu ya pole: foleni vipi ndugu yetu, umekula? Mmoja wao alisusa wiki kadhaa kwa sababu aliambiwa anashuka. Ukaundwa ujumbe wa kwenda kumwomba msamaha nyumbani kwake, na ujumbe ukabeba sukari. Mimi niliwahi kuugua malaria nikalazwa, na salamu pekee iliyonifikia kutoka kwaya ilikuwa kunikumbusha deni la joho.

Sasa tuje kwenye nota. Sisi tunatumia solfa, zile herufi za do, re, mi. Utaratibu huu ulianzia Uingereza kwa mwalimu mmoja mwanamke wa mji wa Norwich, Sarah Glover, kisha katika karne ya 19 mchungaji John Curwen akauchukua na kuutengeneza, ili hata mtu asiyejua mistari mitano ya nota aweze kuimba na wenzake. Wamisionari wakatuletea. Ni jambo jema, sina ugomvi nalo, ila kuna kitu kimoja Curwen hakukifikiria.

Kwenye solfa, mapigo yanatenganishwa kwa nukta mbili. Herufi ni sauti. Kistari maana yake shikilia hapohapo, usiachie. Na kunyamaza je? Kunyamaza hakuna alama. Panaachwa wazi. Wenzetu wa mistari mitano wana alama rasmi ya kumwambia mtu afunge mdomo, tena wana kubwa na ndogo, kulingana na muda. Sisi tuna karatasi tupu.

Huko Uingereza, ambako vitabu vilichapwa vizuri, hilo halikuwa tatizo. Lakini karatasi yetu ni fotokopi ya fotokopi ya kitu kilichopigwa taipureta na marehemu fulani, ikapitia stationari zote za Kinondoni. Mahali pengine kistari kimefutika. Mahali pengine pana doa la chai ambalo besi wote tumeliimba kwa miaka kama mi ya chini. Kwa hiyo ukikuta pameachwa wazi, hujui: Handel anataka ninyamaze, au wino uliisha? Kushoto kwangu wanashikilia, kulia kwangu wamenyamaza, na mimi katikati naomba rehema. Nikamuuliza Mzee wa Besi.

"Kijana, ukiona patupu, jaza," akanijibu. "Kanisani hapaachwi patupu."

Kauli hiyo iwekeni akiba.

Kwa hasira nikaenda kusoma habari za huyu Handel, nijue alitukosea wapi. Alizaliwa Halle, Ujerumani, mwaka 1685, akahamia London, akawa raia wa Uingereza. Mwaka 1741 alikaa mezani akaandika *Messiah* nzima, kazi ya zaidi ya saa mbili, kwa siku 24. Siku 24! Sisi hicho kipande kimoja tulikianza kabla ya vuli, vuli ikanyesha, barabara ya kanisani ikakatika, ikatengenezwa, ikakatika tena, na bado tulikuwa ukurasa wa tatu. Siku 24 kwa mwalimu wetu hazitoshi hata kuwapanga soprano mistari, kwa sababu kila mmoja ana mtu ambaye hawezi kusimama karibu naye kutokana na mambo ya kikoba.

Kazi hiyo ilifanywa hadharani kwa mara ya kwanza Dublin, Aprili 13, 1742. Waandaaji walitangaza gazetini kuwaomba wanawake wasivae magauni yenye fremu za kuyatanua, na waungwana waache panga zao nyumbani, ili ukumbi ubebe watu 700. Niliposoma hapo nikapiga makofi peke yangu. Huo ndio uongozi! Siku za sikukuu kwetu kuna vilemba vya Kinaijeria vinavyoziba kwaya nzima kuanzia alto hadi mpiga kinanda, na hajatokea mzee wa kanisa mwenye kifua cha kusimama kwenye matangazo akalisema hilo.

Nikaona pia kwamba hata Handel alisumbuliwa na wakuu wa kanisa. Jonathan Swift, yule aliyeandika visa vya Gulliver, alikuwa mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, na mwanzoni aliwazuia waimbaji wake wasiende kuimba ukumbini. Baadaye mambo yakalainika, wakaimba. Nasi tuna mkuu wetu mmoja, simtaji, ambaye kila tukiomba ukumbi wa mazoezi anatukumbusha kwamba viti vimekodishwa kwa kitchen party.

Lakini kilichoniuma hasa ni fedha. Mapato ya onyesho lile la Dublin yalikwenda hospitali na kwa wafungwa wa madeni, na watu 142 wakatolewa gerezani. Sasa njooni muone ubao wa matangazo wa Kwaya Kuu. Kuna orodha ya wanaodaiwa joho. Orodha ya wanaodaiwa fulana za safari ya Iringa, safari ambayo basi liliharibika Mikumi tukaimbia nyani. Orodha ya mchango wa kinanda kipya, na ya mchango wa harusi ya mwanakwaya ambaye siku hizi anasali kwingine. Handel aliwatoa watu kwenye madeni. Sisi tunaimba wimbo wake tukiwaingiza.

Na la mwisho kabla sijarudi kwenye mazoezi: Haleluya si wimbo wa Krismasi. Inafunga sehemu ya pili ya *Messiah*, baada ya mateso na ufufuo. Habari za kuzaliwa zilishapita zamani, kwenye sehemu ya kwanza. Na hilo onyesho la Dublin lilikuwa Aprili, Pasaka ikikaribia. Nikamweleza mwalimu kwa adabu kwamba Desemba tunauimba mahali pasipo pake. Akanitazama kwa muda.

"Kijana," akasema, "wewe ni besi."

Basi tukaendelea. Msidhani ni wimbo rahisi kwa sababu neno kuu ni moja. Pale katikati kuna mahali pa kufukuzana: besi wanaanza peke yao, sauti ya tatu inafuata, kisha alto, kisha soprano, kila mtu na mwendo wake, na hakuna kumsubiri mwenzio. Sisi besi tunaanza vizuri sana. Tatizo ni kwamba wa kutufuata ni sauti ya tatu, ambao mmoja yuko Ubungo kwenye foleni na mwingine yuko nje anaongea na simu. Tunabaki tunajifukuza wenyewe. Kisha soprano wanapanda, wanapumzika, wanapanda tena juu zaidi, mpaka mishipa ya shingo ya kiongozi wao inaonekana kutoka mlangoni. Mpiga kinanda kwa huruma yake alikuwa anabonyeza kitufe cha kushusha ufunguo kimyakimya. Karatasi imeandikwa Do ni D, sisi tunaimba B, na soprano wanajisifu kwamba mwaka huu wameiva. Anayelipia ni besi, maana kila wanaposhushwa wao, sisi tunazikwa.

Yote hayo yanavumilika. Kisichovumilika ni pale mwisho.

Mwishoni Handel anazirudia zile haleluya harakaharaka, kwa nguvu, moja juu ya nyingine, unajua kabisa tunafika. Halafu ghafla, kimya. Waimbaji kimya, ala kimya, kila kitu kimya. Ni muda mfupi tu, wa mtu kuvuta pumzi. Baada ya hapo ndipo inakuja Haleluya ya mwisho, pole, pana, nzito. Mtu mzima aliyeandika kurasa na kurasa za kelele alijua kwamba ile ya mwisho haina uzito bila ule upenyo.

Kwenye karatasi yetu, upenyo huo ni nafasi tupu. Na mnakumbuka Mzee wa Besi alisema nini kuhusu patupu.

Kila mazoezi tukifika hapo, kwaya inanyamaza, na kutoka nyuma kulia inatoka sauti moja, kavu, ya uhakika: "HA!" Mwalimu anashusha mikono. Tunarudia. "HA!" Tunarudia. Wiki moja Mzee akajizuia, badala yake akaingia dada wa alto. Wiki nyingine mpiga kinanda, ambaye aligusa kitufe cha mdundo tukaingia sebene. Mwalimu akatangaza kwamba atakayevunja kimya atawanunulia wote soda. Tukanywa soda mpaka watu wenye kisukari wakalalamika. Mzee alikuwa analeta kreti kabla hata mazoezi hayajaanza.

"Mwalimu, siwezi," Mzee alikiri mwishowe, mzee wa watu, machozi yanamlenga. "Pale panaponyamaza naona tumekwama. Naona nisiposaidia tutaaibika."

Ukatafutwa ufumbuzi wa kitaalamu. Mzee akapewa leso, aiume kuanzia mwanzo wa ukurasa wa mwisho.

Siku ikafika. Joto la Desemba mnalijua, na majoho yetu yameshonwa kwa kitambaa kisichopitisha hewa wala maombi. Umeme ulikatika wakati wa somo la pili, jenereta likawashwa dirishani kwangu. Tukaanza. Kuna desturi kwamba Haleluya ikiimbwa wasikilizaji husimama, husimuliwa eti Mfalme George wa Pili alisimama London na wote wakamfuata. Hadithi hiyo iliandikwa miaka mingi baada ya mfalme kufa, na ushahidi kwamba alikuwapo haupo, lakini wazee wetu watatu wa safu ya mbele wanaiamini, wakasimama. Waliokuwa nyuma wakaona watu wanasimama, wakadhani mnada wa mazao umeanza nje, wakaanza kuchukua vikapu. Mama mmoja alishafika mlangoni kuuliza bei ya mkungu wa ndizi.

Sisi tukaendelea. Tukafukuzana, na sauti ya tatu walikuwapo wote. Soprano wakapanda bila kudondoka. Ukurasa wa mwisho: nikamwona Mzee anachomeka leso mdomoni kwa mikono miwili. Haleluya, Haleluya, mbio, nguvu, mwalimu akafunga ngumi.

Kimya.

Jamani, tulinyamaza! Hakuna "HA!", hakuna alto, hakuna sebene. Mwalimu alifumba macho, nikajua huyu mtu anaonja mbingu.

Na hapo ndipo safu ya nne wakapiga vigelegele.

Kigelegele kikazaa makofi, makofi yakazaa tari, sijui nani alikuja na tari. Mzee wa zamu, mwenye kipaza sauti, akaona kwaya imeduwaa, akatuhurumia. Akasimama akaokoa jahazi: "Bwana Yesu asifiweee!"

Na Kwaya Kuu yote, tuliolelewa vizuri na wazazi wetu, tukajibu kwa pamoja: "Ameeen!"

Kila sauti ufunguo wake. Mzee wa Besi alijibu kupitia leso. Tulipokumbuka kwamba kuna Haleluya moja tunadaiwa, mpiga kinanda alishaanza wimbo wa sadaka, na mwalimu alikuwa amekaa kwenye ngazi za madhabahu ameshika kichwa. Nje ya kanisa watu walitupongeza sana. Walisema mwaka huu upako ulishuka, hasa pale mwisho.

Ndipo nikaelewa kwamba tulikuwa tunamfundisha mtu asiye na kosa. Miezi yote ile tumeitesa kwaya kujifunza kunyamaza, na hakuna aliyewafundisha wasikilizaji. Handel aliwaandikia watu wanaoweza kukaa bila kelele kwa muda wa pumzi moja bila kudhani kuna aliyezimia. Sisi kimya kwetu ni dharura. Daladala likikosa redio, konda anaimba. Msibani watu wakitulia kidogo, anatokea mtu wa kuanzisha pambio ili mfiwa asifikiri. Simuni ukivuta pumzi, mwenzio anapiga ukelele: haloo, haloo, umekata? Ukikaa kwako wiki moja hujamtumia mtu ujumbe, unaulizwa mbona kimya, na hapo umeshakuwa mshitakiwa.

Nikapeleka hoja rasmi kwa uongozi wa kwaya: mwakani, kabla ya Haleluya, usharika ufanyiwe semina fupi. Wasitufanyie chochote. Wasitusaidie. Wakiona tumenyamaza, wajue tunafanya kazi. Uongozi ukaipokea hoja kwa furaha na, kama kawaida, ukaniundia kamati, nikawa mwenyekiti. Jina ni Kamati ya Ukimya.

Tulikutana juzi. Niwaambie ukweli, sijawahi kuona kikao chenye kelele vile. Watu wa alto walitaka ukimya uanze na maombi. Soprano walitaka ukimya uwe na sare. Sauti ya tatu hawakufika, ikabidi wapigiwe simu wachangie kwa spika. Mzee wa zamu, aliyealikwa kujieleza, alieleza mpaka mlinzi akaja kutuambia anafunga geti. Ndipo Mzee wa Besi akasimama, akakohoa, akatoa hoja iliyoungwa mkono na wajumbe wote isipokuwa mimi: kwamba, kwa kuwa pale mahali pamethibitika kuwa hatari, na kwa kuwa huyo Handel mwenyewe hayupo kulalamika, mwakani pawekwe ngoma.

Mchango wa ngoma unaanza kukusanywa Jumapili hii. Orodha ya wanaodaiwa imeshabandikwa, na jina la kwanza ni la mwenyekiti.